Mchukuzi katika Mpango wa Mji: Ufufuaji Endelevu wa Mtaa wa Biashara wa Kariakoo

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii humsuta yule atazamaye mzigo ulio kichwani mwa mtu mwingine akauona mwepesi kwa kuwa haumlemei yeye. Iwapo pana mahali katika Afrika Mashariki ambapo methali hii yastahili kuandikwa langoni, basi ni Kariakoo, mtaa wa biashara ulio katikati ya jiji la Dar es Salaam. Wafanyabiashara kutoka Zambia, Malawi, Kongo, Komoro, Rwanda na Burundi hufika hapo kununua bidhaa za jumla. Robota la nguo au katoni ya vyombo hushushwa kutoka lori, hupandishwa ghala ghorofani, huteremshwa tena na kupelekwa kwenye basi au lori jingine. Katika hatua hizo zote, aghalabu chombo cha mwisho cha usafiri ni kichwa cha mtu, bega lake au mkokoteni wake.

Makala hii inaeleza jinsi mtaa huo ulivyopangwa hapo awali, jinsi ulivyobadilika kwa kasi katika miongo ya karibuni, na mambo yapasayo kuzingatiwa katika kuufufua pamoja na njia zake za usafiri. Hoja inayoongoza ni kwamba Kariakoo ni mtaa uliopata jina lake kwa wachukuzi, ilhali mipango yake imekuwa ikianza na jengo na gari, kisha kumwachia mchukuzi ajitafutie mwenyewe pa kupita. Madhara ya mpangilio huo wa fikra hayamfiki mchukuzi peke yake. Yanamfika abiria wa basi, mpangaji wa chumba, mwenye duka na hata mwenye ghorofa.

Neno "endelevu" hutumika sana siku hizi hata likaelekea kupoteza makali yake. Katika makala hii, mpango endelevu wa mtaa wa biashara una maana ya mpango unaotimiza mambo matatu kwa pamoja: kulinda riziki za watu walioujenga mtaa, kuhakikisha kwamba majengo na mazingira hayahatarishi maisha yao, na kuwawezesha watu na mizigo kufika na kuondoka bila adha. Jambo moja kati ya hayo likikosekana, mengine mawili hayadumu.

Jina na asili yake

Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda mbali ili kukutana na jina hili. Nairobi pia ina Kariokor yake, mtaa na soko vilivyo jirani na Ziwani na Pumwani, ambako wanunuzi hufuata vyondo, viatu vya ngozi na nyama choma. Majina haya mawili ni ndugu wa tumbo moja. Yote yametokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiunda katika Vita vya Kwanza vya Dunia kubeba chakula na silaha za majeshi yao dhidi ya Wajerumani. Ulimi wa Mswahili ulilipokea jina hilo ukalivika silabi wazi: neno la kwanza likawa "karia" na la pili, ambalo konsonanti zake za mwisho hazitamkwi, likawa "koo". Nairobi ilibakiza herufi "r" katika maandishi, Dar es Salaam ikaiacha.

Vita hivyo vilipiganwa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Malori yalikuwa machache, barabara zilikuwa mbovu, na mbung'o waliwamaliza farasi na punda. Kwa hivyo jeshi lilisafiri kwa vichwa vya watu. Mamia ya maelfu ya Waafrika waliandikwa kazi hiyo, wengi wao kwa kulazimishwa, na makumi ya maelfu wakafa kwa maradhi, njaa na uchovu zaidi ya risasi. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi kilipiga kambi katika eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamelitenga kwa makao ya Waafrika, mahali palipokuwa na jengo la soko lililosimamishwa kabla ya vita. Vita vikaisha, jina likabaki. Mjini humo pia ipo Sanamu ya Askari, iliyosimikwa mwaka 1927, ambayo maandishi yake yanawataja wapagazi sambamba na wapiganaji. Hata hivyo, aliyechongwa akasimamishwa juu ya jiwe ni askari mwenye bunduki. Mpagazi alipata neno tu.

Ipo ishara nyingine katika majina ya barabara za mtaa huo. Kariakoo ina Mtaa wa Nyamwezi, na Wanyamwezi ndio waliosifika katika karne ya 19 kwa upagazi wa misafara kati ya bara na pwani. Hata istilahi rasmi ya serikali inashuhudia jambo hili. Wizara inayoshughulikia reli, bandari na viwanja vya ndege huitwa Wizara ya Uchukuzi, na uchukuzi ni kazi ya mchukuzi, yaani yule achukuaye mzigo kwa ujira. Lugha imehifadhi kumbukumbu ambayo ramani za mji hazikuihifadhi.

Mji uliogawanywa kwa aina ya nyumba

Kanuni za ujenzi ambazo Wajerumani walizitoa mwaka 1914 ziliugawa mji wa Dar es Salaam katika kanda tatu kulingana na aina ya nyumba zilizoruhusiwa. Kwa maneno, kigezo kilikuwa ujenzi. Kwa vitendo, kigezo kilikuwa rangi ya mtu. Ukanda wa mashariki, karibu na bahari, ukawa Uzunguni. Ukanda wa kati wa maduka ukawa Uhindini. Ukanda wa magharibi, ambako nyumba za udongo na makuti ziliruhusiwa, ndio uliokuja kuwa Kariakoo. Waingereza waliurithi mgawanyo huo na kuuimarisha kwa uwanja wazi wa Mnazi Mmoja uliotenganisha Uhindini na Kariakoo.

Pamoja na dhuluma iliyokuwamo katika mgawanyo huo, wakazi wa Kariakoo waliufanya mtaa wao kuwa mahali penye uhai. Barabara zilinyooka na kukatana kama vyumba vya bao, jambo lililomwezesha mwenda kwa miguu kufika popote kwa njia zaidi ya moja. Nyumba iliyoenea ilikuwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na uwani nyuma. Mwenye nyumba aliishi katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Barazani kulikuwa na cherehani, meza ya vitumbua au genge. Uwani kulikuwa na jiko, kisima au bomba, na mti wa kivuli. Katika barabara inayoitwa leo Lumumba ndiko kilikokuwa chama cha TANU kilichoanzishwa mwaka 1954. Kwa hiyo, wazo la uhuru wa Tanganyika lilikua katika mtaa ambao watu waliishi, walifanya kazi na walikutana pasipo kuhitaji gari.

Sifa hiyo ndiyo ambayo wataalamu wa mipangomiji wa leo wanaitafuta kwa gharama kubwa: makazi, kazi na soko kuwa karibu kiasi kwamba mtu aweze kutembea. Kariakoo ilikuwa nayo.

Soko la mwaka 1975 na mapaa yake

Kilele cha upangaji wa Kariakoo baada ya uhuru kilikuwa ujenzi wa Soko Kuu lililofunguliwa mwaka 1975. Msanifu wake alikuwa Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza kuwa na kampuni yao ya usanifu majengo katika Afrika Mashariki. Amuli hakuiga duka la Ulaya lililofungwa kwa vioo. Alibuni soko lililo wazi pande zote ili upepo upite, likiwa na sehemu ya chini ya ardhi, maarufu kama Shimoni, kwa biashara ya jumla. Juu yake alisimamisha mapaa ya zege yenye umbo la mwavuli uliopinduka. Mapaa hayo hutoa kivuli na wakati uo huo hukinga maji ya mvua na kuyateremsha ndani ya nguzo hadi kwenye matangi. Neno "endelevu" lilikuwa halijaenea katika mazungumzo ya Waswahili, lakini jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kujengwa.

Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Moto ulipozimwa, ulifuata ukarabati wa jengo la Amuli pamoja na ujenzi wa jengo jipya la ghorofa kando yake. Msiba huo uliwafunza wengi kwamba soko si paa na kuta. Wafanyabiashara walipohamishiwa kwingine kwa muda, waliokuwa wakiwategemea nao waliyumba: mama lishe aliyewapikia, mlinzi aliyewalindia, na mchukuzi aliyezijua njia za vizimba vyao hata gizani.

Kutoka uwani hadi ghorofa

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuletwa na moto bali na soko huria. Tangu miaka ya 1990, na hasa kuanzia miaka ya 2000, nyumba za Kiswahili zilibomolewa moja baada ya nyingine na kupisha ghorofa. Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Mwenye kiwanja hana fedha za kujenga, na mwekezaji hana kiwanja. Wanakubaliana kujenga jengo refu na kugawana maduka au vyumba, au mwenye kiwanja anauza moja kwa moja na kuhamia pembezoni mwa jiji. Ghorofa za chini hugeuzwa maduka madogo madogo, zinazofuata huwa maghala, na za juu huwa nyumba za kodi kubwa au nyumba za kulala wageni.

Haifai kuyalaani mabadiliko haya kwa jumla. Ardhi ya katikati ya jiji ni ghali, na kujenga kwenda juu ni njia mojawapo ya kuzuia mji usitambae ovyo hadi mashambani. Fauka ya hayo, familia nyingi zilizomiliki viwanja zilipata mtaji ambao zisingeupata kwa njia nyingine. Tatizo limo katika yale yaliyoachwa nyuma wakati majengo yakipanda. Upana wa barabara haukubadilika. Mabomba ya majitaka na mitaro ya mvua haikuongezwa kwa kiwango kinacholingana na ongezeko la watu. Uwani, uliokuwa ukinywa maji ya mvua, ulifunikwa kwa zege.

Zaidi ya hayo, mpangaji wa chumba aliondoka. Fundi cherehani, mchukuzi na muuza duka waliokuwa wakiamka Kariakoo na kutembea hadi kazini sasa huamka Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara na kulazimika kupanda gari mara mbili kwa siku. Hapa ndipo upangaji wa majengo na upangaji wa usafiri unapokutana. Kila chumba cha bei nafuu kinachoondolewa katikati ya mji huzaa safari mbili mpya barabarani kila siku. Mamlaka inayolalamikia msongamano huku ikiidhinisha majengo yasiyo na makao ya watu wa kipato cha chini inafanana na mtu anayekinga maji kwa pakacha.

Usalama nao umetiliwa shaka. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo likaua watu wasiopungua 29. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimba kifusi huku sauti za waliofunikwa zikisikika kutoka chini. Serikali iliunda tume ya kukagua majengo ya mtaa huo. Miaka 11 kabla yake, Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya jiji hilo lilikuwa limeanguka na kuua watu zaidi ya 30. Ukaguzi unaofanyika baada ya mazishi ni wajibu uliochelewa. Mahali pake ni kabla ya msingi kuchimbwa, na tena kila mara jengo linapobadilishwa matumizi, kwani sakafu iliyokusudiwa kubeba kitanda na kabati haitarajiwi kubeba shehena ya bidhaa za jumla. Katika jambo hili pia mzigo haukuhesabiwa.

Mabasi yaendayo haraka na bonde la Msimbazi

Mwezi Mei 2016 Dar es Salaam ilianza huduma ya mabasi yaendayo haraka, ambayo wananchi huyaita mwendokasi. Awamu ya kwanza, yenye urefu wa takriban kilomita 21, inatoka Kimara hadi Kivukoni kupitia Barabara ya Morogoro, ikiwa na tawi la Morocco na jingine linalopita Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, ubavuni mwa Kariakoo. Mabasi yake marefu ya mita 18 yalibuniwa kubeba takriban abiria 150 kila moja, na yana njia yao wenyewe katikati ya barabara. Kando ya barabara hizo zilitengwa njia za waendao kwa miguu na baiskeli. Jiji hilo lilitunukiwa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, likiwa la kwanza barani Afrika kuipata.

Mafanikio hayo ni ya kweli na yanastahili sifa. Basi moja la namna hiyo huchukua abiria ambao wangejaza magari madogo mengi, na kwa mtaa wenye barabara nyembamba kama Kariakoo hakuna njia nyingine ya kuwafikisha maelfu ya wanunuzi bila kuufunga mtaa. Hata hivyo, mradi huo umefichua udhaifu wa aina mbili.

Udhaifu wa kwanza ni wa maji. Karakana kuu ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi, mahali ambapo mto hufurika. Tangu huduma ianze, mafuriko yameivamia karakana hiyo mara kadhaa, yakaharibu mabasi na kulazimisha barabara kufungwa. Ni kweli kwamba maji mengi ya Msimbazi hutoka mbali, katika vilima vya Pugu na mitaa iliyo juu ya mto. Lakini kila uwani unaofunikwa kwa zege, ama Kariakoo ama kwingineko katika bonde hilo, huongeza maji yanayokimbilia mtoni kwa wakati mmoja. Mradi wa bonde la Msimbazi ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022 unajumuisha daraja jipya la Jangwani lililoinuliwa na kuhamishwa kwa karakana. Gharama hiyo ni funzo kwamba mwenye kupanga njia ya basi bila kupanga njia ya maji hulipia barabara mara mbili.

Udhaifu wa pili unahusu mzigo. Mfumo huu umemtengea nafasi abiria, dereva wa gari dogo, mwendesha baiskeli na mwenda kwa miguu. Msukuma mkokoteni hakutengewa nafasi. Mkokoteni wake ni mpana mno kwa njia ya miguu, mwendo wake ni wa polepole mno kwa njia ya magari, na njia ya mabasi ni marufuku kwake. Matokeo ni kwamba huingia miongoni mwa magari, akazomewa na madereva na kushukiwa na askari kuwa ndiye chanzo cha msongamano. Ukweli ni kwamba yeye ndiye kiungo kati ya lori ambalo haliwezi kuingia uchochoroni na duka ambalo haliwezi kuhamia barabarani. Akigoma kwa siku moja, ghorofa zote zile zingegeuka maghala yasiyo na mlango.

Funzo la masoko yaliyojengwa mbali na miguu

Mara kwa mara, suluhisho lililopendekezwa kwa msongamano wa mitaa ya biashara limekuwa kuwahamisha wachuuzi. Eneo la Ilala lilijengewa jengo la Machinga Complex, lililokamilika takriban mwaka 2010, kwa ajili ya wachuuzi wadogo wanaoitwa wamachinga. Wengi hawakulipenda. Vizimba vya ghorofani havikupitiwa na wateja, na mchuuzi mdogo huishi kwa mpita njia. Mwaka 2021 operesheni nyingine iliwaondoa wamachinga kandokando ya barabara za Dar es Salaam na kuwaelekeza katika maeneo yaliyotengwa.

Nairobi ina kisa kinachofanana na hicho. Soko la Muthurwa lilifunguliwa mwaka 2008 ili kuwapokea wachuuzi wa katikati ya jiji, likaunganishwa na kituo cha matatu. Wazo la kuunganisha soko na kituo lilikuwa zuri, na soko hilo lina shughuli nyingi hadi leo. Hata hivyo, wachuuzi wengi walirejea katika barabara za katikati ya jiji kwa sababu mteja wao alikuwa bado anapita huko. Miguu ya mteja ndiyo inayoamua mahali pa soko, na amri haina nguvu ya kuihamisha.

Nairobi vilevile imetoa mfano wa kutia moyo. Mwaka 2019 Barabara ya Luthuli, inayojulikana kwa maduka ya vifaa vya umeme, ilipunguziwa nafasi ya magari na kupanuliwa njia za miguu. Mwenye duka aweza kuhofia kupoteza wateja kwa mabadiliko kama hayo, lakini mteja wa mtaa wa aina hiyo si lazima afike dukani kwa gari. Jiji hilo lina pia sera ya mwaka 2015 kuhusu usafiri usiotumia injini, inayowatambua rasmi waendao kwa miguu, waendesha baiskeli na wasukuma mikokoteni. Sera kama hiyo ni mwanzo mwema, ila karatasi haisukumi mkokoteni.

Nguzo za mpango ulio bora

Kutokana na yaliyoelezwa, inawezekana kutaja nguzo tano ambazo mpango endelevu wa Kariakoo, na wa mitaa mingine inayofanana nayo kama vile Kariokor, Gikomba na Eastleigh jijini Nairobi, hauna budi kusimama juu yake.

Ya kwanza ni kuhesabu kabla ya kuchora. Wapangaji huhesabu magari yanayopita katika njia panda. Inafaa wahesabu pia mikokoteni, maguta na vichwa vyenye mizigo: vinatoka wapi, vinaenda wapi, na saa ngapi. Kisichohesabiwa hakipangiwi.

Ya pili ni kuugawa muda pale nafasi isipotosha. Barabara ya upana wa mita chache haiwezi kuwapa watu wote nafasi kwa wakati mmoja, lakini yaweza kuwapa kwa zamu. Malori yapewe usiku na alfajiri, mikokoteni ipewe asubuhi na jioni, na saa za wateja wengi baadhi ya barabara zifungwe kwa magari kabisa. Mtaa wa Kongo, ambao msongamano wa watu huufanya karibu usipitike kwa gari, umekwisha kujifunga wenyewe. Kilichobaki ni mamlaka kuukubali ukweli huo na kuupangia taa, vyoo na njia ya gari la zimamoto.

Ya tatu ni vituo vya kushushia mizigo pembezoni mwa mtaa, karibu na vituo vya mwendokasi, ili lori kubwa lisiingie ndani na mchukuzi apate pa kuanzia, pa kuegesha na pa kupumzikia. Mkokoteni nao wahitaji stendi kama ulivyo na stendi yake matatu au daladala.

Ya nne ni makao. Kila kibali cha ghorofa kitoe sharti kwamba sehemu ya vyumba iwe ya kodi inayowezekana kwa wafanyakazi wa mtaa. Sharti hilo litaonekana kuwa mzigo kwa mwekezaji, lakini ni nafuu kwa jiji, kwani nyumba iliyo karibu na kazi ni safari isiyohitaji barabara.

Ya tano ni maji na moto. Amuli alionyesha kwamba paa laweza kuwa kisima. Hakuna sababu ya majengo mapya kumwaga mvua barabarani ilhali wakazi wake wananunua maji. Vilevile, tahadhari za moto na ukaguzi wa uimara wa majengo ziambatane na mabadiliko yoyote ya matumizi, hasa chumba kinapogeuzwa ghala.

Kuna watakaosema kwamba mkokoteni ni mabaki ya zamani na kwamba mji wa kisasa utauondoa wenyewe. Hoja hii inapuuza mambo mawili. Kwanza, miji iliyoendelea nayo imeanza kurudisha baiskeli za mizigo katika mitaa yake myembamba, baada ya kugundua kwamba gari la mizigo halifai mahali hapo. Pili, pikipiki ya magurudumu matatu ikichukua nafasi ya mkokoteni, nayo itahitaji njia, stendi na utaratibu uleule. Chombo chaweza kubadilika. Kazi ya uchukuzi haikomi.

Lugha ya mpango

Mtu anaweza kuuliza suala hili linawahusu vipi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Jibu ni kwamba mpango wa mji kwanza ni matini. Una msamiati wake, sitiari zake na wahusika wake, na kuna wanaotajwa na wanaonyamazishwa. Mipango mikuu ya Dar es Salaam ya mwaka 1949, 1968 na 1979 iliandaliwa na kampuni za kigeni kwa Kiingereza, katika mji ambao wakazi wake huuzia, hununulia na kugombania kwa Kiswahili. Mchukuzi ambaye barabara yake inabadilishwa hakuweza kuusoma uamuzi huo.

Hali inaanza kubadilika. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na inasisitiza ushiriki wa umma katika maamuzi. Ushiriki huo hauna maana iwapo mwananchi anaitwa mkutanoni kutoa maoni juu ya mchoro wenye maelezo asiyoyaelewa.

Kazi ya kutafsiri haihitaji istilahi za kubuniwa tu. Msamiati mwingi tayari upo vinywani mwa watu: maegesho, mtaro, kizimba, genge, uchochoro, stendi, guta. Neno "uwani" pekee linabeba dhana ya nafasi ya wazi, kivuli, faragha na maji ya mvua, dhana ambayo mtaalamu angeieleza kwa aya nzima. "Baraza" nalo ni nafasi iliyo kati ya nyumba na njia, na pia ni jina la mkutano wa watu wenye kuamua. Mpango unaoandikwa kwa maneno hayo utaanza kuyaona mambo ambayo maneno hayo yanayataja. Idara za Kiswahili zikishirikiana na idara za mipangomiji na usanifu majengo zaweza kuandaa matoleo ya Kiswahili ya rasimu za mipango, ambayo yatasomwa sokoni kabla ya kutiwa sahihi ofisini.

Hitimisho

Imebainika kwamba Kariakoo haikuharibiwa na wingi wa watu wala na biashara. Iliharibiwa na tabia ya kupanga vipande vipande: ghorofa bila mtaro, basi bila bonde, soko bila mteja, duka bila makao, na juu ya yote bidhaa bila mbebaji wake. Ufufuaji ulio endelevu utaviunganisha vipande hivyo, na njia rahisi ya kuviunganisha ni kumfuata mchukuzi mmoja kwa siku nzima, tangu anapoamka pembezoni mwa jiji hadi anaposhusha mzigo wa mwisho. Kila anapokwama, pana kasoro ya mpango.

Wapagazi wa mwaka 1914 hadi 1918 walibeba vita ambavyo havikuwa vyao, na malipo waliyoachiwa ni jina la mtaa. Warithi wao wa leo wanabeba uchumi wa nchi kadhaa katika mtaa uo huo. Kwa mwenye kuchora ramani ofisini mzigo huo waweza kuonekana kanda la usufi. Anayetaka kujua uzito wake na asimame Mtaa wa Msimbazi saa moja asubuhi, aangalie mkokoteni ukingoja nafasi ya kuvuka.